Matayarisho ya Vita na Kifo cha Mwelekezi: Tahakiki ya Mchezo wa Terraria

Tumezoea katika kurasa kama hizi kuhakiki riwaya, tamthilia na tenzi. Mchezo wa simu haumo katika orodha hiyo, na bila shaka wapo walimu wenzetu watakaouliza kwa nini wino umwagwe kwa ajili ya jambo la kupitishia wakati. Jibu letu ni fupi. Wanafunzi wetu wanaufuata mchezo huu kwa makini kuliko wanavyozifuata hadithi tunazowapa darasani. Wanawajua wahusika wake, wanabishana juu ya mwenendo wao, na wanakumbuka sababu ya kila tukio. Kazi inayofuatwa hivyo yastahili kupimwa kwa mizani ile ile tunayopimia kazi nyingine za sanaa: fani yake, maudhui yake, na funzo linalobaki baada ya kumalizika.

Hapa Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, lugha ya nyumbani ya wengi ni Kibemba. Hata hivyo, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na Kiswahili huvuka maji pamoja na wafanyabiashara wa samaki wanaofika Kashikishi. Tangu mwaka 2018, makazi ya Mantapala yaliyomo katika wilaya hii yamewapa hifadhi wakimbizi kutoka Kongo, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Darasa letu la jioni hukusanya watu wa makundi haya yote. Kila mwaka, kuanzia mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa kwa sheria ili samaki wapate kuzaliana. Katika miezi hiyo watu wazima hutengeneza nyavu zao, na vijana hupata nafasi ya kushika simu. Ndipo tulipoanza kusikia habari za "Ukuta wa Nyama", na tukaona hapana budi kuufuatilia mchezo wenyewe.

Terraria ulitolewa na kampuni ya Re-Logic ya Marekani mwaka 2011, ukaingia katika simu mwaka 2013. Mchezaji huachwa katika dunia asiyoijua, yenye misitu, majangwa na mapango, na chini kabisa ya mapango hayo ipo Kuzimu, iliyojaa maziwa ya lava. Hapewi amri. Akipenda atajenga nyumba, akipenda atachimba madini, akipenda atazurura tu hadi usiku umkute njiani na kumwadhibu. Mtu wa kwanza kukutana naye ni Mwelekezi, ambaye kazi yake ni kufundisha: hutoa mashauri, na ukimwonyesha kitu ulichookota atakueleza ni vyombo gani vyaweza kutengenezwa kwacho. Adui mkuu wa sehemu ya kwanza ni huo Ukuta wa Nyama. Asiyeushinda hatavuka kwenda sehemu ya pili.

Sifa kubwa ya mchezo huu, kwa upande wa fani, ni kwamba kisa chake hakimo katika pigano. Kimo katika matayarisho. Mchezaji huanza akiwa na uzima wa kiasi cha 100. Ili aufikishe 400, ambao ndio upeo kwa wakati huo, yampasa kutafuta vito 15 vya uzima vilivyofichika mapangoni, na kila kimoja humwongezea 20. Deraya inayotumainiwa na wengi hutengenezwa kwa vipande 45 vya chuma cha Kuzimu, na kila kipande chahitaji mawe matatu ya moto pamoja na jiwe moja jeusi, lile lipatikanalo maji yanapokutana na lava. Tukipiga hesabu, ni mawe 135 ya moto na 45 meusi. Tena mawe ya moto hayachimbwi kwa sururu ya kawaida. Sururu yenye nguvu ya kutosha kwa kawaida hutengenezwa kwa mabaki ya adui mwingine aliyekwisha kushindwa, na kila jiwe la moto linapong'olewa huacha lava mahali pake.

Hapo msomaji ataona usanifu wa jambo lenyewe. Kila hatua imefungwa katika hatua iliyoitangulia, kama nyuzi za wavu. Hakuna silaha inayoanguka kutoka mbinguni kumwokoa shujaa, kama tuonavyo katika riwaya nyingi dhaifu ambazo mtunzi wake, baada ya kumbana mhusika wake ukutani, humletea mjomba tajiri katika sura ya mwisho. Hapa anayeshinda ameshinda kwa sababu tunazoweza kuzihesabu, na anayeshindwa aweza kueleza ni wapi alipopunguza kazi.

Tendo la mwisho la matayarisho ndilo linalotupendeza zaidi. Mchezaji mwenye busara hujenga daraja refu, lililonyooka, juu ya lava ya Kuzimu. Dunia ndogo kabisa ya mchezo huu ina upana wa vipande 4200. Basi kazi ya daraja si ya dakika chache. Huijenga huku akisumbuliwa na mashetani wanaoruka, na kwa muda wote huo hakuna sifa anayoipata. Sababu ya daraja hufahamika siku ya vita. Ukuta huziba Kuzimu yote toka juu hadi chini, una macho mawili na kinywa kimoja, nao husonga mbele bila kusimama. Kadiri unavyojeruhiwa ndivyo unavyoongeza mwendo. Mchezaji hana budi kurudi nyuma huku akipiga. Akikimbia mbali mno, ulimi mrefu humvuta arejee kinywani. Dawa ya kuponya humrudishia uzima wa 100, lakini akisha kuinywa lazima angoje dakika nzima kabla ya kunywa nyingine. Kwa hiyo ushupavu peke yake haumfai kitu. Daraja likikatika njiani, au likiwa fupi, ametumbukia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, walisema wahenga, na sijui kama methali hiyo imepata kielelezo kilicho wazi zaidi kwa vijana wetu.

Hadi hapa sifa. Sasa tugeukie maudhui, na hapo ndipo tunapotofautiana na watungaji wa mchezo.

Ukuta wa Nyama hauji wenyewe. Huitwa. Katika Kuzimu huruka shetani mmoja aliyebeba kisanamu chenye sura ya Mwelekezi. Mchezaji humwua shetani huyo, huchukua kisanamu, na siku akiwa tayari hukitupa ndani ya lava. Mara hiyo hiyo Mwelekezi, aliyeko nyumbani kwake juu ya ardhi, hufa, na Ukuta hutokea. Hata huweza kutokea kwa bahati mbaya: shetani akiuawa juu ya ziwa la lava, kisanamu huanguka chenyewe, mwalimu hufa, na vita huanza kabla mwanafunzi hajajitayarisha.

Tuyatazame maana yake. Yule aliyemfundisha mchezaji kutengeneza meza yake ya kwanza ndiye anayechomwa ili mchezaji afuzu. Sisi walimu tunaweza kuudhika, lakini kuudhika si uhakiki. Yawezekana kabisa kuwa kuna ukweli mchungu ndani yake: mwanafunzi hukomaa siku anapoacha kumtegemea mwalimu, na kila anayesonga mbele huacha nyuma watu waliomfikisha hapo. Fasihi kubwa imekwisha kusema hivyo mara nyingi. Lawama yetu si kwamba Mwelekezi anakufa. Lawama yetu ni kwamba hakuna anayemkumbuka. Baada ya vita, ikiwapo nyumba tupu, Mwelekezi mwingine huja kukaa, akiwa na sura ile ile, kazi ile ile, na jina jingine. Hakuna kaburi, hakuna swali, wala yeye mwenyewe haulizi ni nani aliyekaa katika nyumba hiyo kabla yake.

Tulipoliweka jambo hili mbele ya darasa, wengi walisema kwamba hakuna ubaya, maana Mwelekezi anarudi. Mmoja wao, aliyetoka ng'ambo ya ziwa, alijibu kwa maneno machache: anayerudi si yeye. Darasa lilinyamaza. Katika makazi ambamo wapo watu waliopoteza ndugu zao, sentensi hiyo ilikuwa na uzito kuliko tahakiki yetu yote.

Mwambao huu una simulizi yake ya kumshinda mwenye nguvu, nayo yafaa kulinganishwa na mchezo huo. Ni simulizi ya Nachituti. Ina namna nyingi za kusimuliwa, lakini kiini chake ni hiki: Nkuba, mtawala wa Washila, ambao ni wavuvi wa siku nyingi wa maji haya, alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo hakuwa na nguvu ya kupigana na kaka yake. Akaenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, akaomba msaada. Nkuba akashindwa na kuuawa. Kisha Nachituti akampa Kazembe kikapu cha udongo na mtungi wa maji, ndiyo nchi na maziwa yake. Mwanahistoria David M. Gordon alikipa kitabu chake cha mwaka 2006 jina la zawadi hiyo.

Katika simulizi hii pia kuna adui mkubwa, kuna kutafuta nguvu kabla ya vita, na kuna dunia inayobadilika baada ya ushindi. Katika Terraria, Ukuta ukianguka, dunia nzima huwa ngumu zaidi: maadui wapya huzuka, na uharibifu huanza kuenea katika ardhi. Katika simulizi ya Nachituti, nchi na maji hupata mwenyewe mwingine. Zote mbili zajua kwamba ushindi hauirudishi dunia ilivyokuwa. Tofauti ni kwamba simulizi ya Mweru imehifadhi jina la aliyefiwa. Tunamkumbuka mama kabla ya kuyakumbuka majeshi, na zawadi yake hutajwa hata leo panapoelezwa jinsi Walunda walivyopata haki juu ya ardhi na maji. Ni kweli kwamba simulizi hiyo imewafaa washindi, na mhakiki hana budi kuisoma kwa tahadhari. Lakini hata mshindi, ili aeleze haki yake, analazimika kutaja msiba ulioizaa. Mchezaji wa Terraria halazimiki kutaja chochote.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: kwa upande wa matayarisho, Terraria ni kazi ya sanaa yenye nidhamu kuliko hadithi nyingi za mashujaa zilizomo katika makabati yetu. Kwa upande wa kumbukumbu, ni maskini. Wajua kumfundisha kijana jinsi ya kujenga daraja, haujui kumfundisha amwambie nini aliyemfikisha darajani.

Upungufu huo waweza kuwa faida kwa mwalimu wa Kiswahili. Mchezo wenyewe haukutafsiriwa katika lugha yetu, na wanafunzi hulazimika kuunda maneno. Katika darasa letu ulizuka ubishi kuhusu kile kinachotupwa katika lava. Waliokiita "mwanasesere" waliliona tendo lenyewe kuwa la mchezo. Waliokiita "kisanamu cha mtu" waliona kuwa ni kuua. Hatujapata somo bora zaidi la kuonyesha kwamba uchaguzi wa neno ni uchaguzi wa msimamo.

Sarufi nayo ina nafasi yake. Matayarisho huzaa sentensi za "kabla hujashuka Kuzimu" kwa wingi, na mwanafunzi aliyeshindwa hatahitaji kusukumwa ili aseme, "Ningalijenga daraja refu zaidi, nisingalikufa." Tumeona wanafunzi waliokuwa wakikwepa "-ngali-" mwaka mzima wakiitumia bila kujikwaa, kwa kuwa sasa wana jambo la kujutia.

Zoezi la tatu twalipendekeza kwa wenzetu wote, hata wale ambao wanafunzi wao hawajaugusa mchezo huu, kwani laweza kusimuliwa kwa dakika kumi. Mwanafunzi aandike mazungumzo kati ya mchezaji anayerejea kutoka Kuzimu na Mwelekezi mpya aliyemkuta katika nyumba ile. Mwelekezi aulize kwa nini nyumba ilikuwa tupu. Mchezaji ajibu. Insha tulizozipata kwa njia hii zilikuwa fupi, na makosa ya upatanisho wa ngeli hayakukosekana, lakini hakuna hata moja iliyoandikwa kwa ajili ya kumridhisha mwalimu tu.