Utangulizi wa Malinowski

Wengi wanaosoma Facing Mount Kenya, kitabu cha Jomo Kenyatta cha mwaka 1938, huuruka utangulizi. Wanakosa jambo. Kitabu kilitokana kwa sehemu kubwa na insha alizosoma Kenyatta katika semina ya Bronisław Malinowski, pale London School of Economics, na mwalimu huyohuyo ndiye aliyeuandika utangulizi. Hakikumpa mwandishi shahada ya uzamivu, lakini kazi ya msimamizi ni ileile.

Malinowski anamsifu mwanafunzi wake. (Anazurura kwenye siasa za Ulaya kuliko nipendavyo, lakini hayo tumwachie.) Kisha anasema wazi kwamba alitamani kumshauri ajihadhari na maneno ya Kizungu, kama Kanisa na Dola, anapoeleza mambo ya Wakikuyu. Sasa tazama, ndugu msomaji: maneno hayo yamo kitabuni vilevile. Mwalimu hakumshurutisha ayafute. Pingamizi lake aliliweka katika kurasa zake mwenyewe, chini ya jina lake mwenyewe. Huo ndio usimamizi.

Hapa Singida Mjini kijana mmoja aliniletea rasimu ya tano ya tasnifu yake juu ya mirathi ya Wanyaturu, watu wa bibi yake. Aya nzima nzima zilikuwa za msimamizi. Nilimwuliza maana ya mojawapo.

"Ndivyo alivyotaka Profesa, Mwalimu."

"Na bibi yako alisemaje?"

Alisema mengi, akanijibu, lakini yalibaki katika rasimu ya kwanza.