Ufundi wa Kuutia Mmea Roho

Katika vitabu vya watoto vinavyochapishwa siku hizi, mti ukitakiwa uwe kiumbe hupewa macho mawili, mdomo, na matawi mawili yaliyokunjwa mfano wa mikono, kisha mchoraji huhesabu kazi yake kuwa imekwisha. Na mtoto aufunguaye ukurasa hawezi kujua kama aliouona ni mwembe au mfenesi, wala mchoraji mwenyewe, nadhani, akiulizwa hatakuwa na jawabu. Kwa wengi jambo hili ni dogo. Kwangu ni alama ya sanaa inayotutoka, ambayo wazee wetu waliifanya kwa maneno matupu, usiku, pasi na rangi wala karatasi, na viumbe wao wakatisha kuliko hawa wenye meno ya kuchorwa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisimulia habari za boga lililomeza mji. Hadithi hiyo ni ya Usambara, na Alice Werner aliitia katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu kilichotoka mwaka 1933: watoto wanaliona boga linakua, wanalisema, nalo linawajibu, likawa kubwa kama nyumba, likameza watu wote ila mwanamke mmoja, ambaye mwanawe, alipopata nguvu za kuvuta upinde, alilipiga mishale hata likafa na watu wakatoka. Lakini bibi hakuwa na haraka ya kufika kwenye mishale. Alikawia kwenye mmea wenyewe: jinsi unavyoota jaani bila ya kupandwa na mtu, kwa mbegu iliyotupwa pamoja na maji ya kuoshea vyombo, majani yake mapana yenye vinyweleo vikwaruzavyo mkono, nyuzi zake zinazojisokota na kuukamata ufito wa ua watu wakiwa wamelala, na boga lenyewe, lijifichalo chini ya majani hata lisionekane ila siku ambayo limekwisha kukipita kichwa cha mtazamaji. Hakulipa macho. Hakulipa miguu, lilikwenda kwa kutambaa, kama mmea wake uendavyo. Na tumbo lake lilikuwa lile lile ambalo kila mpishi amelitia mkono, uwazi wenye nyuzi na mbegu zilizosongamana, basi waliomezwa walikaa mle kama mbegu, wazima, wakingoja kupasuliwa. Sisi tuliosikiliza tulikuwa tumekula boga la nazi magharibi ile ile, na asubuhi yake hakupatikana mtoto wa kutumwa jaani peke yake.

Mabaharia wa bahari yetu walikuwa na maarifa hayo hayo. Buzurg bin Shahriyar, nahodha wa Kiajemi wa karne ya 10 aliyekusanya masimulizi ya wenziwe katika kitabu cha Maajabu ya Hindi, ameitaja nchi ya Wakwak, ambayo watu wake, kwa kauli yake, waliivamia Kanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi hukidhani kuwa ni Pemba, yapata mwaka 945. Huko, asema, kuna mti uzaao matunda yenye sura ya binadamu, na upepo ukiyatikisa hutoka sauti. Wasimulizi waliokuja baadaye waliyageuza matunda hayo kuwa wanawali wazuri wanaoning'inia kwa nywele zao, na hapo, kwa maoni yangu, waliiharibu kazi. Katika masimulizi ya nahodha tunda limejaa hewa tupu, kama lile la mti wa jangwani wenye utomvu mweupe ambao Waarabu huuita ushar. Na baharia mmoja aliyependezwa na umbo lake alipolichuma, lilinywea papo hapo mkononi mwake. Aliyewahi kuliminya tunda la ushar atatambua kwamba mauti ya kiumbe yule hayakubuniwa, yaliokotwa njiani.

Wazungu nao wana wao. J. R. R. Tolkien alipokuwa mwanafunzi alichukizwa na Macbeth, tamthilia ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1968, kwa kuwa msitu ulioahidiwa kuja ulikuja kwa matawi mikononi mwa askari tu; naye alipoandika kitabu chake cha mwaka 1954 akaumba wachungaji wa miti wasemao polepole mno, ambao salamu zao peke yake hula sehemu kubwa ya siku, maana aliyeishi karne nyingi ana haraka ya nini?

Tulichopoteza si hadithi, ambazo zimejaa madukani, bali ujirani na mimea, kwa kuwa mtoto aliyeliona boga likiwa vipande ndani ya mfuko wa plastiki hana pa kuliogopea, na kosa si lake. Tumemfundisha kuchora msonobari wenye theluji ilhali nyuma ya nyumba yao upo mkoko, uliosimama matopeni kwa mizizi mirefu kama miguu ya mtu akwepaye maji, ambao mbegu yake huota ingali juu ya mzazi, ikarefuka mfano wa fumo, kisha ikadondoka na pengine kujichoma topeni. Boriti za mti huo zimebeba dari za Lamu na kupakiwa majahazini hadi Ghuba. Msimulizi wa kuutia roho hajatokea, na wauzaji wa mkaa hawamngoji.