"Uwezo wa Gari": Istilahi Isiyotosha

Mjini Vwawa, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, pikapu huitwa "ya tani moja" na msemaji akaeleweka. Lakini mfasiri wa kitabu cha maelekezo ya gari aandikapo "uwezo wa gari", akikusudia mara kubeba, mara kuvuta, humpotosha dereva.

Tela halivutwi tu, bali pia huliegemea gari. Kwa kawaida sehemu ya kumi hivi ya uzito wake, pengine zaidi, hukandamiza kiungio. Tuseme pikapu yaruhusiwa kubeba kilo 1,000, nayo imekwisha kupakia watu na magunia ya kahawa ya Mbozi, jumla kilo 900. Ikifungiwa tela la kilo 2,000, ambalo kitabu chasema yaweza kulivuta, kilo 200 huongezeka nyuma. Imezidi kwa kilo 100. Magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hulegea.

Mfasiri hana budi kutenganisha "uwezo wa kubeba" na "uwezo wa kuvuta", na kuongeza "uzito wa kiungio", unaohesabiwa katika kubeba. "Shehena", ipendwayo na baadhi yetu, yafaa zaidi melini. Tena haiwahesabu abiria.