Sauti Ukingoni mwa Utepe

Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya ushairi na tamthilia, lakini ipo sanaa moja ya maneno iliyopita mbele yao bila kuamkiwa. Ni sanaa ya wale waliozitafsiri kwa mdomo filamu za kigeni katika vibanda vya video vya Dar es Salaam. Mtu mmoja, kipaza sauti mkononi, alisema kwa niaba ya shujaa, adui, bibi harusi na jini. Watazamaji walimwita DJ. Kwa hakika alikuwa mtafsiri na mtambaji, na kazi yake, iliyorekodiwa katika kanda za VHS zilizouzwa Kariakoo na kwengineko, inaoza kabla haijahakikiwa.

Mashuhuri miongoni mwao ni Lufufu, yaani Kapteni Derek Gaspar Mukandala. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Matthias Krings, ameichunguza kazi yake, na katika makala iliyotoka mwaka 2013 ameonyesha namna Lufufu alivyoisimulia upya Karishika, filamu ya Nigeria. Katika anwani ya makala nyingine, Krings ameifananisha sanaa hii na kuugeuza mchele kuwa pilau.

Mfano huo ni mzuri. Bizari ya pilau hainyunyizwi juu ya wali ulioiva; huchemka pamoja na mchele hadi kila punje ikabadilika rangi. Ndivyo alivyofanya DJ aliye hodari. Hakungoja mhusika amalize ndipo afasiri. Alimtambulisha, akamkosoa, akamtia methali kinywani, akaeleza mila za mbali kwa mifano ya mtaani. Aliyeketi kibandani alipata filamu mbili kwa kiingilio kimoja: ile iliyopigwa na ile iliyotambwa.

Hata hivyo sanaa hii ina kasoro, na kuihifadhi si kuisifu tu. Kasoro yake kubwa ni kuogopa kimya. Mama akilia juu ya maiti bila kutamka neno, DJ huendelea kueleza kwamba mama analia. Mshairi ajuaye thamani ya kituo atakereka hapo. Lakini hukumu hiyo nayo yataka ushahidi, na ushahidi ni kanda. Ikikosekana kanda, sifa na lawama zote zitabaki kuwa masimulizi ya waliokuwapo.

Na kanda haina subira. Katika VHS, picha huandikwa kwa mistari ya mshazari katikati ya utepe, ilhali sauti ya kawaida hupita katika njia nyembamba ukingoni. Ukingo huo ndio ukunjikao upesi deki inapoutafuna utepe, na unyevu wa pwani huzidisha ukungu. Aidha, kila nakala itokanayo na nakala hupoteza kitu. Kiwanda cha mwisho kutengeneza deki hizo, Funai cha Japani, kiliacha mwaka 2016.

Picha, walau, ina pa kukimbilia. Filamu ya Hong Kong yaweza kupatikana leo ikiwa safi kuliko ilivyopata kuonekana Kariakoo. Sauti ya Kiswahili haina kwao pengine. Anayeitupa kanda kwa hoja kwamba filamu hiyo imo katika intaneti anakitupa kile kisichokuwamo.

Ughaibuni wapo wanaohangaika hivyo hivyo kwa ajili ya michezo. Dragon's Lair, mchezo wa mashine za kumbi za burudani uliotolewa Marekani mwaka 1983, ulitumia katuni za Don Bluth na wenzake, zilizowekwa katika diski ya leza. Diski za aina hiyo huchakaa na mashine zake zinaadimika. Wahifadhi wake, wakiwamo wa mradi wa Domesday86, hawaridhiki kurekodi kinachoonekana kwenye kioo. Hunasa mawimbi ghafi pale pale yanaposomwa kutoka kwenye diski, kisha programu ya kompyuta huyageuza kuwa picha na sauti. Njia hiyo sasa hutumika hata kwa VHS. Wenzetu hawakuuliza kwanza kama mchezo ni jambo la heshima. Waliuliza nini kitapotea.

Kwetu, zaidi ya mashine, kikwazo ni haya. Kanda nyingi ziliuzwa bila idhini ya wenye filamu, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inawalinda wenye filamu hao, nao wana haki. Lakini kuhifadhi si kuuza. Maktaba yaweza kuipokea kanda, ikaandika jina la DJ, jina la filamu na mwaka, ikairuhusu isikilizwe na wanaoichunguza, bila kuifanya bidhaa.

Tenzi zetu za kale zilitufikia kwa mikono ya wanakili. Muhammad Kijuma wa Lamu alinakili nyingi kwa kalamu yake, naye hakungoja kwanza zisomeshwe vyuo vikuu. Soko kuu la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na moto haubagui kati ya duka na kumbukumbu. Atakayeanza kazi hii na aanze na sauti za ma-DJ na majina yao, wakingali hai wanaoweza kuzitambua.