Turubai, hati na posho ya padre: mtaa unavyopanda kuwa parishi

Saa tano kasoro, Jumapili. Misa imekwisha na padre ameshapanda bodaboda kuuwahi mtaa mwingine, lakini chini ya turubai hakuna aliyeondoka. Ni wakati wa mnada. Jogoo mwekundu aliyefungwa miguu anatajwa kwa elfu kumi, kumi na tano, ishirini. Aliyeshinda analipa, kisha anamrudisha mezani "kwa ajili ya mabati," na jogoo anauzwa upya. Nimewahi kumwona mmoja akiuzwa mara tatu kabla hajapata wa kumpeleka jikoni.

Mnada wa namna hiyo ndio unaojenga makanisa mengi ya Anglikana pembezoni mwa Dar es Salaam, na kazi yenyewe haipungui. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,098,668 katika mkoa wa Pwani. Ile ya 2022 ilikuta 2,024,947. Jiji limemwagikia huko na kwenye kingo zake. Waliokuwa wakisali Ilala na Magomeni sasa wamehamia Chanika, Chamazi, Kibaha na Kigamboni, na familia ya watu watano ikipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, nauli inaizidi sadaka. Ndipo mmoja wao anapowaita wenzake sebuleni kwake.

Jirani zetu walokole wakifika hapo wanakodi ukumbi, wanafunga spika, na Jumapili inayofuata kanisa lipo. Mwanglikana hawezi. Hakuna Ekaristi bila kasisi, kasisi hajipangii kituo, na askofu hampeleki mtu mahali ambapo hajui atakula nini. Kwa hiyo kikundi cha sebuleni kinaanza kama mtoto wa parishi mama: kinapewa katekista, kinaitwa mtaa, na padre anakuja kwa zamu. Siku nyingine zote katekista ndiye kila kitu. Anaongoza Sala ya Asubuhi, anafundisha wa kipaimara, anakimbilia msibani. Idadi ya watu kwa kweli si kikwazo. Kitabu cha Sala cha 1662 kilidai washirika wanne, au watatu kwa uchache, wa kupokea pamoja na kasisi. Kwa hesabu hiyo sebule moja ya Chanika inatosha na viti vinabaki.

Kinachoanza kusumbua ni ubani. Wamisionari wa UMCA walifika Zanzibar mwaka 1864 na Uanglikana wa misa, kengele na mavazi. Wale wa CMS walioingia Mpwapwa katika miaka ya 1870 walileta wa mahubiri na Biblia mkononi, na mwaka 1927 upande huo ukapata Dayosisi ya Tanganyika ya Kati. Dayosisi ya Dar es Salaam, iliyoanza 1965 chini ya Askofu John Sepeku, imelelewa na UMCA. Sasa chini ya turubai moja wanakaa mama wa Masasi anayesema "padre" na "misa," na mzee wa Dodoma anayesema "mchungaji" na "ibada," ambaye chetezo kikipita mbele yake anakohoa kwa makusudi. Mitaa iliyovuka salama, kwa nilivyoona, ni ile iliyochanganya pande zote mbili kwenye kamati tangu siku ya kwanza. Mingine ilichagua watu wa upande mmoja ikaja kujuta.

Baada ya hapo kila mtu anataka kujenga, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Tunakimbilia tofali wakati mtaa unageuka parishi kwa vitu viwili visivyopigwa picha: posho ya padre na karatasi ya ardhi.

Kosa hili ni la zamani. Mwaka 1818 Bunge la Uingereza lilitoa pauni milioni moja za kujenga makanisa kwenye miji iliyokuwa ikifurika watu wa viwandani. Kuta zilisimama, lakini mapadre wengi waliopangwa humo walibaki kutegemea kodi ya viti, na maskini wa mtaani hakuwa na cha kulipia kiti. Mwaka 1843 Waziri Mkuu Robert Peel aligeuza mpangilio. Sheria yake iliruhusu eneo kukatwa na padre kupelekwa huko kabla ya jengo, akiwa na kipato cha uhakika kisichopungua pauni 100 kwa mwaka. Kanisa likishawekwa wakfu, eneo linakuwa parishi kamili na kipato kinapanda hadi 150. Fedha za kuanzia, pauni 600,000, zilikopwa kwenye mfuko wa kanisa lenyewe. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya Leeds, ambako padre mmoja, Walter Hook, alikuwa na parishi ya watu zaidi ya 150,000. Hook alikubali parishi yake igawanywe, na sehemu ya mapato yake ikaenda kwa parishi mpya. Nani kwetu, katika parishi mama, anakubali kwa hiari kuachia mtaa wake wenye bahasha nene?

Sisi hatuna mfuko wa kukopa, kwa hiyo kipimo ni kapu la sadaka. Mhazini akiniuliza kama mtaa wake umekomaa, simwombi hesabu ya Pasaka. Nataka ya Januari, mwezi wa ada za shule. Kama Januari mnaweza kulipa posho, pango la padre na mgawo wa dayosisi bila kupiga mnada wa dharura, andikeni barua kwa askofu. Kumbukeni pia kwamba waumini wa pembezoni karibu wote wana nyumba zao hazijaisha: fedha zao zimo kwenye saruji. Mafundi, hata hivyo, ni wengi, na siku moja ya fundi ni sadaka nzito.

Karatasi ndiyo inayoumiza zaidi. Ardhi ya Tanzania ni ya umma. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 hati hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Mtaa wa kanisa si mtu mbele ya sheria, hivyo mmiliki anapaswa kuwa Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa. Walionunua kwenye maeneo yaliyopimwa, kama Kibada, Bunju au Buyuni za mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, wana nafuu. Wengine wana mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, na jina lililoandikwa ni la mzee aliyetoa fedha nyingi. Ninaufahamu mtaa ambao mzee huyo alifariki, arobaini ikapita, na watoto wake wakaja na mpima ardhi. Kuta zilikuwa zimeshafika kwenye linta. Na hata jina likiwa sawa, kiwanja kilichochorwa kuwa cha makazi kinahitaji kibali cha kubadilishiwa matumizi kabla ya kibali cha ujenzi.

Askofu naye, kwa desturi ya Anglikana, haliweki wakfu kanisa lenye deni au lililo juu ya ardhi isiyo na uhakika. Atakuja kubariki na kufungua, lakini siku ya kugonga mlango kwa fimbo yake itasubiri.

Wewe unayesali chini ya turubai, Jumapili hii kabla jogoo hajapandishwa mezani mwombe katibu alete ile karatasi ya mauziano, alisome kwa sauti jina la mnunuzi.