Dagaa wa Mwanza si wa Kigoma

Msomaji, kabla hujaunganisha makala mbili za samaki kwenye Wikipedia ya Kiswahili, hebu pita kwanza Mwaloni Kirumba. Dagaa wanaojaa kwenye magunia pale ni Rastrineobola argentea. Ukifika Kisumu anaitwa omena, Uganda mukene. Samaki mmoja, majina matatu: hapo unganisha tu, ila kila jina libaki kama kielekezo, maana mtoto wa Kisumu atatafuta omena. Na historia ya uhariri isipotee. Leseni ya Creative Commons inataka waandishi watambuliwe.

Ninaowagombeza ni wanaounganisha kwa kufuata jina. Dagaa wa Kigoma, Stolothrissa tanganicae, yuko upande wa sadini. Wetu ni jamaa wa ningu. Ukiwachanganya umetengeneza samaki asiyekuwepo, halafu mwanafunzi anamnakili kwenye ripoti yake ya mazoezi. (Nani mtamu zaidi? Leo sisemi, watu wa Kigoma wakali.) Neno “dagaa” peke yake linahitaji ukurasa mfupi wa kutofautisha maana: wa Viktoria huku, wa Tanganyika kule, wa Bahari ya Hindi nao wana kwao.