Nextcloud na LDAP: Ofisi Nzima Imeingia kwa Mpigo!

Jamani, mtu wa IT aliyewahi kuchapa akaunti za wafanyakazi moja moja asogee hapa! Nextcloud, ile programu ya kushirikiana mafaili na kalenda iliyoanza mwaka 2016, inakuja na kiunganishi cha LDAP ndani yake, yaani lugha ya kuzungumza na saraka ya watumiaji wa ofisi. Hakuna cha kulipia. Hakikisha tu moduli ya LDAP ya PHP imo kwenye seva, kisha kiwashe.

Sasa uhondo. Unaandika anwani ya seva ya saraka, unabonyeza kitufe cha kutafuta poti, na 389 inajijaza yenyewe! Unaweka akaunti ya kusomea saraka (ya kusoma tu, tafadhali, msigawe akaunti ya msimamizi mkuu), na Nextcloud inautafuta mzizi wa saraka. Kitaa kidogo kinageuka kijani. Bonyeza kuhesabu watumiaji: ofisi yote hiyo hapo! Nilipiga meza kofi.

Kwenye kichupo cha kuingia, weka tiki kwenye jina la mtumiaji na barua pepe. Mama wa uhasibu anayekumbuka barua pepe tu hatapiga simu tena. Nywila inathibitishwa na saraka yenyewe, kwa hiyo akiibadilisha huko, na huku imebadilika. Ila nywila zisisafiri uchi. Hamieni LDAPS, poti 636.

Ila kabla ya yote, nakusihi, fungua kichupo cha wataalamu. Ukikiacha kilivyo, kila mtu anapewa jina la ndani linalotokana na UUID, mkururo wa herufi, tarakimu na vistari, na folda yake kwenye diski inaitwa hivyo hivyo. Siku ya kuyasaka mafaili ya Asha kwenye seva, utalia. Andika uid, au sAMAccountName kama mna Active Directory, kabla watu hawajaanza kusajiliwa. Baada ya hapo mabadiliko yanawahusu wapya tu. Onyo hili lingestahili kuwa ukurasa wa kwanza!

Umemwongeza mtu kwenye kundi na haonekani? Usibomoe kitu. Subiri tu: kashe hukaa sekunde 600.

Na anayeacha kazi? Mfute kwenye saraka, hawezi kuingia tena, lakini mafaili yake yapo salama. Amri ya occ ldap:show-remnants inakuorodheshea masalia, nawe unaamua nani afutwe na lini. Mimi nimeshamwandikia bosi tuhamie Nextcloud.